Cheki Hutolewa Benki

Uso wa Noor ulianza kupotea kidevuni. Kwanza ilitokea miraba midogo ya kijivu chini ya midomo, kama vigae vilivyopangwa na fundi asiyejali. Kisha ikapanda mashavuni, ikafunika pua na macho, mpaka likabaki shada la asumini juu ya nywele, nalo likakwama. Sauti ya ukumbi iliendelea kwa vipande: kigelegele kilichokatika, kicheko, kimya, kigelegele tena. Alawiya aliirudisha nyuma ile video akaanza upya. Miraba ikarudi pale pale.

Hakulia. Tangu msiba alikuwa akiyaona mambo yanayomfika kana kwamba yanaifika nyumba ya pili, naye anayasikia kupitia ukuta. Alizima skrini, akafunga chumba cha kazi kwa ufunguo kama ilivyokuwa desturi yake, akashuka ngazi.

Zein, mumewe, alikuwa ameketi karibu na mlango amevaa kikoi na fulana, kofia gotini. Alikuwa amerudi kutoka Marikiti, alikouza viungo tangu ujanani, na harufu ya iliki na bizari ilikuwa imetangulia kuingia.

"Mamake Noor," alisema bila kuinua macho, "ile kazi yangu imefika wapi?"

"I njiani."

"Wanambia i njiani tangu Ramadhani."

"Utaiona kabla ya Ijumaa, inshallah."

"Iwe kabla. Ijumaa Ayman aoa. Nitakwenda kukaa msikitini nimwitikie dua mume wa mwanangu kwa mke mwingine, na nitakwenda kwa moyo safi. Lakini kwanza nataka nimwone Noor. Si neno kubwa hilo."

"Si neno kubwa," alijibu Alawiya, akaenda kubandika chai.

Katika mitaa yao ya Mji wa Kale, nikaha hufungwa msikitini bibi harusi asiwepo, na bibi harusi hupambwa akaonyeshwa ukumbini wanaume wasiwepo. Zein alimwoza Noor kwa kauli yake mwenyewe, mkono wake ukiwa umeshika mkono wa Ayman. Jioni ya kupamba alikaa barazani na wenzake akinywa kahawa na kusikiliza ngoma kwa mbali. Hivyo baba hakupata kumwona mwanawe alivyokuwa bibi harusi. Hakulalamika, hiyo ndiyo ada, naye alikuwa mtu wa ada. Ila mwaka haukutimia, Noor akafa kwa homa iliyoanza kama mzaha, na baada ya matanga Zein aliomba jambo moja tu. "Nikatie Noor peke yake," alimwambia mkewe. "Wake za watu waondoe. Nataka kumwona mwanangu."

Aliyeishika kamera jioni ile alikuwa Alawiya mwenyewe, kama alivyoishika katika kupamba za nusu ya mji. Simu za wageni hukusanywa mlangoni zikatiwa vikapuni, na picha inayobaki duniani ni yake yeye peke yake. Kwa sababu hiyo jina lake lilikuwa amana. Watu walijua kwamba picha za binti zao zimefungiwa chumbani kwa Bi Alawiya, na kwamba hakuna mwanamume, hata mumewe, aliyepata kuziona. Kazi za wateja zilitangulia, ya mwanawe ikasubiri. Hakuwahi kuikata wala kuitolea nakala. Ilipofika zamu yake, mwenyewe alikuwa amekwisha kuzikwa, na Alawiya hakuwa na moyo wa kuifungua. Alipojipa moyo, ndiyo hii miraba.

*

Mutunga, fundi wa kompyuta, alikuwa na duka lake Tononoka. Alikuwa mtu wa Kitui, mrefu, mtaratibu, aliyewahi kufundisha shule ya msingi kabla ya kuteremka pwani. Ndiye aliyemuundia Alawiya lile sanduku la diski miaka ya nyuma, kabla halijatiwa picha hata moja. Baada ya hapo, kila lilipohitaji kuguswa, alimtuma msaidizi wake Jael, ambaye kwa kuwa mwanamke aliruhusiwa kupanda juu. Safari hii Jael alikuwa kwao Vihiga.

Mutunga alipiga hodi mchana, akafunguliwa na Zein.

"Hamjambo. Nimekuja kucheki mashine ya mama."

Zein alimtazama kwa utulivu wa mtu mwenye mali asiyoweza kunyang'anywa. Hakuwa mkali, ila lugha ilikuwa yake, na aliilinda kama wengine wanavyolinda kiwanja.

"Cheki hutolewa benki, Bwana Mutunga. Humu ndani twasema Kiswahili."

Vijana wawili waliokuwa wakipita kichochoroni wakacheka. Mutunga naye akacheka, kicheko kifupi cha mtu anayelipa ushuru ili apite. Alivua viatu. Neno lile hakulitamka tena siku ile.

Juu, Alawiya alikuwa amekwisha kutundika pazia katikati ya chumba. Kiti cha Mutunga kilikuwa upande wa mlangoni, kimegeuzwa ukutani.

"Utaniwia radhi," alisema Alawiya. "Wajua hali."

"Najua, Bi Alawiya. Lakini ningeomba tumngoje Jael. Wiki ijayo atakuwa hapa, atatazama kwa macho yake. Kazi ya kuambizana ni kazi ya kubahatisha."

"Wiki ijayo imechelewa."

Basi Mutunga akakaa akiutazama ukuta, mikono juu ya magoti, kama mwanafunzi aliyeadhibiwa. Yeye alikuwa wa kusema, Alawiya wa kutenda.

"Nikueleze kwanza tunachotafuta," alisema, akichagua maneno moja moja. "Lile sanduku lina diski nne, na programu inazifanya ziwe kama moja. Kila picha hukatwa mapande matatu, kila pande likakaa kwenye diski yake. Diski inayobaki hubeba mizani, yaani hesabu ya yale matatu yakijumlishwa. Diski moja ikifa, zilizobaki na ile mizani huweza kuitoa upya yote iliyokuwa nayo."

"Na iliyokufa ni ipi?"

"Hapo ndipo penye taabu. Hakuna iliyokufa. Zote zinaitika. Moja kati yake inasema uongo, na yenyewe haijui."

Alawiya aliigeukia skrini. "Picha ya Noor ingalimo?"

"Kwa ulivyonieleza kwenye simu, naamini imo. Pande moja limeharibika, mawili ni mazima, na mizani inakumbuka lile la tatu lilivyokuwa. Tukiijua diski mwongo tutaitoa, na zilizobaki zitasema kweli."

Upande wa pili wa pazia, Alawiya alihisi kitu kikimgusa kifuani, kama mtu anayegonga mlango wa nyumba iliyohamwa. Alifungua alipoelekezwa kufungua, akaingia alipoelekezwa kuingia.

"Umefika mahali pa mizani?"

"Nimefika."

"Basi isahihishe, kisha uniambie makosa ni mangapi."

Skrini ilikuwa na maneno mawili ya Kiingereza, moja juu ya jingine. La kwanza lilikuwa lile lile alilokuja nalo Mutunga mlangoni, likiwa katika hijai zake za asili. La pili lilikuwa neno la kutengeneza. Alawiya alisita. Kusahihisha, kama alivyofunzwa na baba yake na kama alivyowafunza watoto wake, ni kulitwaa lisilokuwa sahihi ukalifanya sahihi. Aliyekosea Fatiha husahihishwa. Angeweza kuuliza. Lakini mtu wa watu alikuwa amekaa akiutazama ukuta katika joto la mchana, amekwisha kuchekwa mlangoni, na kumuuliza maana ya neno la Kiswahili kungekuwa kama kumcheka mara ya pili.

Alibonyeza la pili. Mashine ikamuuliza kama ana hakika. Akaijibu kwamba anayo.

"Imekubali?" aliuliza Mutunga.

"Imekubali. Yatwambia itachukua mpaka asubuhi."

"Ndivyo. Iache. Usiizime, usiiguse."

Mutunga aliposhuka, Zein alimtolea kahawa na kaimati, akamuuliza habari za Kitui na mvua. Mutunga alijibu yote kwa Kiswahili cha vitabuni, na Zein akatikisa kichwa kwa kuridhika.

*

Alasiri ile alikuja mamake Ayman. Aliketi sebuleni, akafungua uso, akamshika Alawiya mkono kwa mikono yake miwili na kuushikilia muda mrefu kuliko salamu inavyohitaji.

"Mwenzangu, nimekuja kwa haya," alisema.

"Haya ya nini, na nyumba ni yako?"

"Wasema hivyo kwa sababu u muungwana. Nilimwambia Ayman, kumpelekea dadangu maneno haya ni kumchoma. Lakini wao wale, watu wa mke, wamesema hawamtaki mwingine. Wamesema, kama si Bi Alawiya kamera isiingie. Binti yao haonwi na watu ovyo."

Alawiya alimtazama, akaelewa anachotakiwa, akangoja kije kile ambacho mtu hupaswa kukihisi. Hakikuja. Juu, kupitia mbao za dari, alisikia mvumo mdogo wa diski.

"Ni Ijumaa hii?"

"Kupamba ni Jumamosi. Ukumbi ule ule." Mamake Ayman aliyasema maneno hayo mawili ya mwisho akiyatazama mapambo ya zulia. "Hapakuwa na mwingine uliokuwa wazi."

"Nazijua taa zake," alisema Alawiya. "Upande wa kushoto zina kivuli."

"Basi utakuja?"

"Nitakuja, inshallah."

Mamake Ayman alitoa bahasha mkobani, akaiweka chini ya kisahani cha kikombe kama mtu anayeficha kitu alichokiiba. Kisha akalia. Alawiya alimbembeleza, akampa maji, akamwambia kwamba Ayman bado kijana na hakuna anayemlaumu. Zein alikuwa chumba cha pili, mlango wazi, na hakukohoa hata mara moja.

Mgeni alipokwenda, Zein alitoka akasimama mlangoni. "Umekubali."

"Ningesemaje?"

"Hapana. Umefanya vyema." Akafikiri kidogo. "Picha yangu itakuwa tayari?"

"Mashine inafanya kazi. Asubuhi."

*

Asubuhi mashine ilikuwa imemaliza. Iliandika kwamba makosa mengi yamepatikana, yote yametengenezwa, na kwamba diski zote nne sasa zinakubaliana. Alawiya alisoma mara mbili. Aliifungua picha.

Miraba ilianza kidevuni.

Mutunga alikuja kabla hajafungua duka lake. Alikaa kwenye kiti chake, akageukia ukuta wake, akauliza: "Makosa ni mangapi?"

"Yalikuwa mengi. Sasa hakuna. Yasema zote zakubaliana."

Upande wa mlangoni kiti kilisogea.

"Bi Alawiya," alisema Mutunga polepole, "palikuwa na maneno mawili. Ulibonyeza lipi?"

"La kutengeneza."

"Mimi sikusema kutengeneza."

"Ulisema niisahihishe."

"Ndiyo. Uisahihishe. Kama mtihani." Sauti yake haikupanda, ilizidi kushuka. "Mwalimu anaposahihisha mtihani, hagusi jibu la mtoto. Anatia alama nyekundu penye kosa, anahesabu, anarudisha karatasi. Nilitaka itiwe alama. Nilitaka tuhesabu."

"Mimi najua kusahihisha ni kuondoa kosa."

"Ni hivyo pia," alisema Mutunga. "Ni hivyo pia. Hujakosea."

"Na mashine, ilipotengeneza, ilifanya nini?"

Mutunga alichagua maneno tena, kama jana. "Yenyewe haijui nani mwongo. Ikiambiwa itengeneze, huyaamini mapande na kuifuta mizani, kisha huandika mizani mpya inayolingana na yaliyopo. Uongo uliokuwa kwenye diski moja sasa umethibitishwa na zote. Ile iliyokuwa ikikumbuka imesahaulishwa."

"Hairudi?"

"Hairudi."

"Hata akija Jael?"

"Hata akija nani."

Alawiya aliitazama skrini. Alisubiri tena kile kitu kilichokuwa kimegonga kifuani jana kigonge, naye akakisubiri kwa adabu, kama mtu anayemsubiri mgeni aliyekwisha kuondoka.

"Ungetumia neno lile la kwanza," alisema hatimaye, bila kulaumu, kama anayetaka kujua tu. "Lile ulilokuja nalo mlangoni. Ningelibonyeza. Liliandikwa hapa mbele yangu."

"Najua," alisema Mutunga. "Nilikuwa nalo mdomoni."

Ubao wa ngazi ulilia. Zein alikuwa amesimama kwenye kipandio cha juu, nje ya mlango ambao hakuwahi kuuvuka, sinia ya kahawa mikononi. Vikombe vilikuwa vimetulia. Alikuwa amesimama pale muda wa kutosha.

Mutunga aliinamisha kichwa kuelekea ukutani kana kwamba ukuta ndio uliokuwa ukidai jibu.

"Kosa ni langu," alisema. "Kazi ya kuambizana ningeikataa."

"Uliikataa," alisema Alawiya. "Mimi ndiye niliyesema imechelewa."

Zein aliweka sinia juu ya kipandio. Alifungua kinywa, na mkewe, aliyemjua kwa miaka mingi, aliona anatafuta neno, naye hakuwa mtu wa kutafuta maneno. Hakulipata. Alikifunga.

Ndipo Alawiya aliposimama akalivuta pazia mpaka mwisho wa waya.

"Geuka, Bwana Mutunga."

"Bi Alawiya, si lazima."

"Geuka. Hakuna mwanamke humu."

Akageuka. Skrini nzima ilikuwa ya kijivu, miraba imepangana safu kwa safu, na katikati yake shada la asumini limening'inia peke yake. Mutunga alilitazama kwa heshima iliyostahili, kisha akaomba ruhusa ya kwenda. Alawiya alipoingiza mkono mkobani alikataa kwa ishara ya kiganja, na chini mlangoni alivaa viatu bila kufunga kamba.

*

Zein hakwenda Marikiti siku ile. Adhuhuri iliposaliwa alirudi kutoka msikitini, akapanda ngazi, akasimama tena pale pale kwenye kipandio cha juu.

"Nionyeshe," alisema.

"Hapana kitu, babake Noor. Umesikia."

"Nimesikia. Nionyeshe kilichopo."

Alawiya alifikiri juu ya amana yake. Aliipitia picha yote mwanzo mpaka mwisho, akitafuta uso wa mke wa mtu. Nyuso zilizokuwa karibu zilikuwa kijivu. Zilizokuwa mbali zilikuwa kijivu. Palibaki vitambaa, taa, pindo la vazi la kijani, mkono mmoja wenye hina usiojulikana wa nani. Picha ambayo haikuhalalika kwa mwanamume yeyote ilikuwa sasa halali kwa kila mtu. Akamwekea mumewe kile kiti cha Mutunga, akakigeuza kuielekea skrini.

Zein aliingia kwa mara ya kwanza katika chumba kile. Aliketi, akavaa kofia yake, akaitengeneza mbele na nyuma kama anayengoja kuletewa mtu.

Ngoma zikaanza, zikakatika. Kigelegele. Pindo la kijani likapita, likayeyuka. Miraba ikafunguka na kujifunga.

"Yuwapi?"

"Ameingia sasa. Hapo, chini ya asumini."

Zein alisogea mbele. Aliitazama kijivu ile kwa makini, na Alawiya akamtazama yeye. Kutoka ndani ya mashine kikatoka kicheko cha msichana, safi, kizima, kisichokatika, kikapanda na kutulia.

Alawiya alikijua kicheko kile. Kilikuwa cha Emmah, msichana wa hina aliyekuja jioni ile kutoka Tononoka na bomba lake la piko, ile rangi nyeusi ya kuchorea mikono. Noor jioni ile hakucheka hata mara moja. Bibi harusi hukaa ametulia, macho chini, naye alikuwa ameyashika vyema aliyofunzwa.

Zein aliinua kidole. "Huyo anayecheka," alisema, "ni yeye?"

Mashine ilikuwa ikivuma. Diski zote nne zilikuwa zimekubaliana.

"Ni yeye," alisema Alawiya.

"Mashallah," alisema Zein.

Alikaa, mikono juu ya magoti, akiutazama ule ukijivu. Kisha akamwomba arudishe nyuma, na Alawiya akarudisha.